Kauli Njema na Mali ya Haramu: Kicheko cha Kiza katika Filamu ya Fargo

I. Utangulizi

Katika ufundishaji wetu wa sanaa za maonyesho tumezoea kuwapa wanafunzi masanduku machache ya kupangia kazi wanazozisoma. Liko la tanzia, ambayo humwangusha mhusika na kumliza mtazamaji. Liko la ramsa na futuhi, ambazo humchekesha. Na liko la tanzia-ramsa, ambayo huchanganya hayo mawili, huzuni ikapokewa na furaha, na furaha ikapokewa na huzuni. Mgawanyo huu una manufaa yake, hasa kwa mwanafunzi anayeanza. Hata hivyo, ziko kazi ambazo zikitiwa katika mojawapo ya masanduku haya hubaki zimechomoza miguu nje.

Makala haya yanakusudia kuchunguza kazi moja ya namna hiyo. Nayo ni filamu ya Kimarekani iitwayo Fargo, iliyotungwa na ndugu wawili, Joel na Ethan Coen, ikaongozwa na Joel, na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Ni hadithi ya jinai, ya familia moja, na ya fedha zilizopatikana kwa hila. Watu saba wanauawa ndani yake, mmoja wao mama wa mtoto aliye bado shuleni. Pamoja na hayo, watazamaji hucheka. Swali letu ni jepesi kuliuliza: je, wanacheka nini?

Jibu tutakalolitetea ni kwamba kicheko cha Fargo hakitokani na mizaha iliyonyunyizwa juu ya msiba kama chumvi juu ya chakula. Kinatokana na lugha ya adabu ambayo inaendelea kutumika hata baada ya udugu wenyewe kugeuzwa kuwa hesabu. Tutaonyesha vilevile kwamba filamu hii haiibezi adabu, kama baadhi ya watazamaji wanavyodhani, bali inazitenganisha adabu mbili zinazofanana kwa sauti na kuachana kwa maana. Jambo hili latuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili, kwa kuwa utamaduni wa lugha yetu umeipa kauli njema cheo kikubwa, na aghalabu hatuulizi ni kazi gani hasa inayofanywa na kauli hiyo.

II. Kisa kwa ufupi

Kisa kinawekwa katika majira ya baridi ya mwaka 1987, katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Jerry Lundegaard ni meneja wa mauzo katika duka la magari mjini Minneapolis. Mwenye duka ni mkwewe, Wade Gustafson, mzee tajiri asiyemthamini. Jerry amekwisha kukopa dola 320,000 kwa kuweka rehani magari ambayo hayapo, na wakopeshaji wanamdai namba za magari hayo. Kwa nini alizihitaji fedha hizo, filamu haisemi mahali popote. Ili kujinasua, anasafiri hadi mji wa Fargo, katika jimbo la North Dakota, na kuwaajiri wahalifu wawili, Carl Showalter na Gaear Grimsrud, wamteke nyara mkewe, Jean, ili mkwewe atoe fidia. Wahalifu anawaambia kwamba fidia ni dola 80,000, nao watapata nusu pamoja na gari jipya. Mkwewe anamwambia kwamba wanataka dola 1,000,000.

Mpango unaharibika karibu na mji mdogo wa Brainerd. Askari wa barabarani analisimamisha gari la watekaji kwa sababu halina namba, na Grimsrud anamuua, kisha anawaua wapita njia wawili walioyaona hayo. Hapo ndipo anapoingia Marge Gunderson, mkuu wa polisi wa Brainerd, mwanamke mwenye mimba ya miezi saba. Baadaye Wade anakataa kumwachia mwingine mzigo wa fedha. Anaupeleka mwenyewe na kuuawa, na mlinzi wa kituo cha kuegeshea magari anauawa vilevile. Jean anauawa kwa kuwa alipiga kelele. Mwishowe Grimsrud anamuua Showalter kwa shoka, kwa ugomvi wa gari, na Marge anamkuta akiisaga maiti katika mashine ya kusagia matawi ya miti.

Sehemu kubwa ya Minnesota ilikaliwa katika karne ya 19 na wahamiaji kutoka Sweden na Norway, na majina kama Lundegaard, Gustafson na Gunderson ni ushahidi wa asili hiyo. Wamarekani wengine huwasifu watu wa huko, na pia huwatania, kwa upole wa maneno: hawapazi sauti, hawakatai moja kwa moja, na hukubali kila jambo kwa neno fupi la kuitikia. Ndugu wa Coen walizaliwa na kukulia huko huko, kando ya Minneapolis. Basi lugha wanayoichezea ni lugha ya nyumbani kwao.

III. Adabu inayoficha

Uongo wa kwanza katika filamu hii hausemwi na mhusika yeyote. Unaandikwa katika kioo kabla ya picha ya kwanza. Mtazamaji anaarifiwa kwamba hiki ni kisa cha kweli, kwamba majina yamebadilishwa kwa ombi la walionusurika, na kwamba mengine yote yamesimuliwa kama yalivyotokea, kwa heshima ya marehemu. Taarifa hiyo si kweli: kisa kimetungwa, na majina ya mwisho wa filamu yanafuatana na tamko la kawaida kwamba wahusika ni wa kubuni. Yafaa tuitazame taarifa hiyo kama tungo. Imeandikwa kwa lugha ya rambirambi. Mtu anayeambiwa kwamba anasomewa jambo kwa heshima ya marehemu hawezi kuuliza kama marehemu hao walipata kuishi. Heshima imetumiwa kama kufuli la mlango wa maswali.

Ndiyo kazi ya maneno katika kinywa cha Jerry. Tazama anavyomshughulikia mnunuzi aliyekataa dawa ya kuzuia kutu ambayo gari lake limepakwa bila ridhaa yake. Jerry hagombani naye. Anasema kwa upole kwamba atakwenda kumwuliza mkubwa wake, kisha anaingia katika chumba kingine, anazungumza na mwenziwe mambo yasiyohusu gari, na kurudi na habari kwamba mkubwa, kwa hisani, amekubali kupunguza dola 100. Mnunuzi anatukana, lakini analipa.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa simu. Jean amekwisha kutekwa. Jerry yuko peke yake, nasi twasikia sauti yake ikimweleza Wade kwa majonzi kwamba jambo baya limempata Jean. Kisha inarudia maneno yale yale kwa kiitikio kingine, na mara nyingine tena, na ndipo tunapotambua kwamba bado hajapiga simu. Alikuwa akifanya mazoezi ya huzuni. Anapopiga hatimaye, anayepokea si Wade, na sauti ya Jerry inageuka mara moja kuwa sauti ya kila siku ya mtu anayeomba kuunganishwa na mkubwa wake.

Hapa ndipo watazamaji wanapocheka, na hapa ndipo fasili zetu zinapopwaya. Katika tanzia-ramsa tungetarajia kilio kwanza na kicheko baadaye. Katika tukio hili vyote viwili vimo ndani ya sentensi moja. Maneno ya msiba ni sahihi, hayana kosa la sarufi wala la adabu. Mwanamke ametekwa kweli. Kinachokosekana ni msiba wenyewe katika moyo wa msemaji. Tunacheka kwa kuona ganda zima lisilo na kiini, na papo hapo tunaogopa, kwa kuwa ganda hilo tunalijua. Nani kati yetu hajapata kutunga sauti kabla ya kupiga simu ya pole?

IV. Udugu uliotiwa katika daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika nyumba ya Gustafson daftari lipo, na kila mtu ametiwa humo. Jerry anapomletea mkwewe mradi wa uwanja wa kuegeshea magari, unaohitaji dola 750,000, Wade anaupenda mradi na kumwacha mtu: anaamua kuuchukua mwenyewe na kumpa Jerry malipo ya dalali. Jerry anaposema kwamba biashara hiyo ingemfaa yeye na Jean na Scotty, mwanawe, mzee anajibu kwamba Jean na Scotty hawatahitaji kamwe kuwa na wasiwasi. Hakuna tusi katika jibu hilo. Ni ahadi njema ya babu. Lakini mwanaisimu ataona mara moja kwamba orodha ya watu watatu imerudi ikiwa na wawili, na kwamba jina lililoachwa ndilo ujumbe wenyewe.

Lau filamu ingeishia hapo, tungemwona Jerry kuwa mwonewa na Wade kuwa bepari mkatili, na hadithi ingekuwa nyepesi. Lakini waandishi wanakwenda mbele. Binti yake ametekwa, na Wade anauliza kwa nini wasiwape watekaji nusu milioni badala ya milioni nzima. Mshauri wake, Stan Grossman, ndiye anayemkumbusha kwamba hili si soko la farasi. Mzee si kwamba hampendi bintiye. Atakufa kwa ajili yake. Ila lugha pekee aliyobaki nayo ni ya kupunguziana bei, na anapotaka kusema uchungu, ulimi unatoa bei.

Hesabu zenyewe zinasimulia kisa. Dola 80,000 za watekaji, dola 1,000,000 za mkwe, 750,000 za mradi, 320,000 za mkopo: kila msikilizaji amepewa tarakimu yake, na hakuna wawili waliopewa tarakimu moja. Familia hii haina tena jambo ambalo wote wanalijua kwa pamoja. Showalter anapoufungua mfuko na kuikuta milioni, anachukua 80,000 za kugawana na mwenziwe na kuzika 920,000 katika theluji kando ya ua wa waya. Analia alama kwa kifaa kidogo chekundu cha kukwangulia barafu kwenye vioo vya gari. Anatazama kulia, ua haukomi. Anatazama kushoto, haukomi. Siku ile ile anauawa. Mali ile ikapotea bila habari, na hakuna mtu aliye hai katika filamu anayejua ilipo.

Nililionyesha tukio hili kwa wanafunzi wangu, nikatarajia wacheke pale nilipocheka mimi na wenzangu tulipoitazama filamu hii masomoni ng'ambo. Kule ng'ambo ukumbi uliangua kicheko kila wahusika walipoitikia kwa lafudhi yao ya kaskazini. Wanafunzi wangu hawakucheka lafudhi. Haikuwa na maana kwao. Walicheka pale mkwe alipotaka kupunguziwa bei ya bintiye, kisha wakanyamaza kwa ghafla. Mmoja akauliza: mtoto je, yuko na nani?

Swali hilo lilinizindua kuliko makala nyingi nilizozisoma. Scotty anaonekana mara chache. Baada ya mama yake kutekwa, analia chumbani na kumwuliza baba itakuwaje mambo yakienda kombo. Baba anamtuliza kwa sauti laini, kisha anamfundisha la kuwajibu marafiki wa mama wakipiga simu: aseme mama yuko Florida. Ndiyo malezi yote tunayoyaona: baba anamrithisha mwana uongo wenye adabu. Usiku ambao babu anauawa, Jerry anarudi nyumbani, mtoto anauliza habari, naye anajibu kwamba mambo ni salama na kwamba anakwenda kulala. Baadaye Jerry anakamatwa katika hoteli ya kando ya barabara, karibu na Bismarck, akilia kama mnyama, bila neno lolote la heshima. Hatuambiwi kamwe ni nani aliyekwenda kumweleza Scotty. Kikulacho ki nguoni mwako, husema Waswahili; katika nyumba hii mliwaji wa mwisho ni mtoto, na filamu inamwacha nje ya picha kama vile watu wazima walivyomwacha nje ya hesabu.

V. Adabu inayobeba

Mtazamaji anaweza kuhitimisha kutokana na hayo kwamba filamu inawacheka watu wapole na kuuona upole wao kuwa unafiki. Tunaipinga rai hiyo, na hoja yetu ni Marge Gunderson, ambaye kwa kumwigiza Frances McDormand alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike.

Marge anasema lugha ile ile ya Jerry: lafudhi ile, maitikio yale, upole ule. Msaidizi wake Lou anaeleza kwamba ameagiza litafutwe gari ambalo namba yake inaanza kwa herufi tatu alizozikuta katika daftari la marehemu. Herufi hizo ni ufupisho wa alama inayowekwa katika magari ambayo bado ni ya duka, si mwanzo wa namba. Marge hamwambii kwamba amekosea. Anamwambia tu kwamba hadhani anakubaliana naye kwa asilimia mia moja kuhusu kazi ile ya polisi. Kisha, wakiwa garini, anampa mzaha: yuko mtu aliyeshindwa kulipia namba maalumu ya gari, ikambidi abadilishe jina lake lifanane na namba aliyopewa. Wahakiki wa lugha wataitambua kazi ya mzaha huo. Kosa limesahihishwa, ukweli umesemwa wote, na uso wa aliyekosea umerudishiwa heshima yake. Hii ni tasfida iliyo kinyume cha ile ya Jerry: Jerry anatumia upole ili jambo lisijulikane, Marge anautumia ili jambo lijulikane bila kumvunja mtu.

Wala Marge si mjinga wa adabu. Rafiki wa zamani wa shule, Mike Yanagita, anamwalika na kumsimulia kwa machozi kwamba alimwoa msichana waliyesoma naye, naye akafa kwa saratani ya damu. Marge anamfariji. Baadaye anaarifiwa kwa simu kwamba mwanamke huyo yu hai na hakuolewa naye kamwe. Wengi huliona tukio hili kuwa nje ya hadithi. Sisi twaona kwamba ndilo somo lake: Marge ameonyeshwa kwamba majonzi yenye maneno sahihi yanaweza kuwa matupu. Mara baada ya hapo anarudi dukani kwa Jerry, ambaye alikuwa amemwamini, na kumwuliza tena. Jerry anashikwa na hasira, adabu inamponyoka, naye anakimbia. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Hapa swali lililoulizwa kwa upole ndilo lililomtoa.

VI. Jina la kicheko

Wasomaji wa Kiswahili si wageni wa uhalifu unaotokea ndani ya nyumba za watu wa heshima. Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960, alimweka Bwana Msa na kiko chake mbele ya siri za nasaba na za mali, akaziandika kwa ucheshi mwingi. Lakini ucheshi katika riwaya hizo aghalabu hukaa kando ya kifo: humpumzisha msomaji, kisha fumbo likaendelea. Katika Fargo hapana pa kupumzikia. Kinachochekesha na kinachotisha ni kitu kimoja.

Kwa sababu hiyo twapendekeza kwamba, pamoja na tanzia-ramsa, uhakiki wetu ukubali istilahi ya ucheshi wa kiza, na kwamba fasili yake isiwe tu kuchekea mambo ya kifo, kwa maana watu huchekea kifo hata matangani. Fasili tunayoipendekeza ni hii: ucheshi unaozaliwa pale umbo la usemi linapobaki timamu ilhali uhusiano uliolizaa umekwisha kufa. Fasili hii inampa mhakiki kazi ya kufanya. Haitoshi kuhesabu maiti na vicheko. Yambidi achunguze maamkizi, maombi, pole na ahadi, na kuuliza kila moja linabeba nini.

VII. Hitimisho

Mwishoni Marge anaendesha gari la polisi, Grimsrud amefungwa pingu nyuma yake. Anamhesabia marehemu anaowajua: mke wa Lundegaard, mwenziwe aliyekuwa katika mashine, na wale watatu wa Brainerd. Anauliza, kama mama anayemwuliza mtoto mtundu, kama yote hayo yalikuwa kwa ajili ya fedha kidogo. Anamwambia kwamba maisha ni zaidi ya fedha, na kwamba siku ni nzuri, ingawa nje ni theluji tupu na mbingu ya kijivu. Anakiri kwamba halielewi jambo hili. Maneno yake ni ya kawaida mno, na katika kinywa cha Jerry tungeyacheka. Hapa hatucheki, kwa kuwa kwa mara ya kwanza mtu amewahesabu watu badala ya fedha.

Usiku huo yuko kitandani na mumewe, Norm, ambaye huchora ndege. Picha yake ya bata imechaguliwa kwa stempu ya senti 3, ilhali mshindani wake amepata ya senti 29. Norm amevunjika moyo. Marge anamweleza kwamba kila ada ya posta inapopanda, watu huzihitaji stempu ndogo ili kujaliza zile za zamani walizobaki nazo. Ni kauli njema, na ni kweli. Katika filamu nzima yenye mamilioni, senti hizo 3 ndizo fedha pekee ambazo mtu na mwenziwe wamezizungumza bila kudanganyana. Wanangojea mtoto, imebaki miezi miwili.

Nasi turudi kwenye swali la yule mwanafunzi. Mtoto yuko na nani? Filamu haijibu kuhusu Scotty, bali inatuonyesha kitanda ambamo mtoto mwingine anangojewa na watu wawili wanaosemezana kweli kwa upole. Mwalimu wa lugha anayewafundisha vijana adabu ya maneno, na asiwafundishe kuuliza maneno hayo yanabeba nini, atakuwa amewapa ganda akawanyima kiini.